Umeme wa Taya la Baba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini maneno haya yanakukuta ukiwa mzima, mguu umepungua kuvimba na hamu ya kula imerudi. Sisi huku hatujambo, kama kutojambo ni kuamka na kulala. Mimi ni mzima isipokuwa kichwa, na kichwa hicho kinauma kwa sababu nitakayoieleza kwa kirefu, kwa hiyo tafuta mahali pazuri ukae na chai uiweke karibu.

Ningepiga simu. Nimepiga. Unajua nimepiga, maana inaita mpaka inachoka yenyewe, halafu baada ya muda dada ananitumia ujumbe, eti Mama anasema yuko salama. Mama, mtu aliye salama hupokea simu. Najua hutaki kusikia habari za Baba, na ulinikataza kumtaja mbele yako. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Karatasi huwezi kuikata katikati ya sentensi. Unaweza kuichana, lakini hutaichana kabla ya kuisoma. Nakujua.

Habari zenyewe ni za Baba. Usiiweke chini.

Ilianza na pikipiki. Nilitoka naye kwenda kununua dawa za nywele na taulo za saluni yangu, yeye mbele mimi nyuma, kwa mwendo wake ule wa mtu aliyechelewa treni. Pikipiki ikaja nyuma yetu ikipiga honi ya kumtoa mtu roho. Watu wote waliruka pembeni. Baba akaendelea kupita katikati ya njia kama bwana harusi. Dereva alimkwepa akaishia juu ya meza ya muuza nyanya. Matusi tuliyotukanwa siku ile siwezi kukuandikia. Baba aliwatazama wote midomoni, mmoja baada ya mwingine, ametulia kabisa, halafu akaniuliza watu wa mji huu siku hizi wana nini.

Basi nikampeleka kwa daktari wa masikio. Daktari alimfungia kwenye kichumba kisichopitisha sauti, akamchezea milio, akatoka na karatasi yenye mstari unaoporomoka kama mteremko. Akamuuliza Baba hali hii imeanza lini. Baba akajibu kwamba ni mwaka huu tu, uzee. Daktari akamtazama, akatazama karatasi yake, akaandika alichoandika. Mimi nikaamini. Nani asiyezeeka?

Alipewa vifaa vya masikioni vya kawaida, vile vyenye betri ndogo za duara. Betri hizo, Mama, zinafanana na vidonge vyake vya presha kwa kila kitu isipokuwa faida. Siku ya kwanza ya kuzibadilisha alitia moja mdomoni, na kama nisingemwona kwenye kioo cha saluni ingekuwa imeshashuka. Nilimkamata taya nikaichokoa kwa kidole, mbele ya mteja mwenye kichwa kilichojaa povu. Nyingine niliikuta kwenye bakuli la sukari. Baada ya hapo alivisahau vifaa vyenyewe kwenye mfuko wa shati, na mimi shati nikalifua. Daktari akachoka nasi. Akasema kuna watu katika chuo cha ufundi wanatafuta wazee wa kujaribu kifaa kisicho na betri ya kubadilisha, twende tukajaribu bahati yetu huko.

Ni ghorofa ya tatu na lifti ni mbovu, hilo ningetaka ulijue. Tulifika tukihema. Chumba kimejaa nyaya na vichwa vya plastiki vyenye masikio ya mpira, ukivikuta gizani utapiga yowe. Aliyetupokea ni Injinia, binti mdogo kuliko mimi, mpole, nywele kazibana juu kwa bisibisi, na nilijizuia sana nisiichomoe bisibisi ile nimkalishe chini nimsuke. Alitueleza kwamba mwili wa mtu hautulii hata ukilala. Ukitembea, ukipumua, ukiinua mkono, kuna nguvu inayopotea bure. Wenzake chumba cha pili wanatengeneza soli za viatu zinazoendesha saa ya mkononi, na fulana inayopima mapigo ya moyo kwa umeme unaotokana na kupanda na kushuka kwa kifua. Yeye kazi yake ni mataya. Katengeneza utepe mwembamba unaopita chini ya kidevu, kutoka sikio hili hadi sikio lile. Kila taya linapokwenda, utepe unakunjwa na kukunjuka, na kukunjwa huko kunatoa umeme kidogo, ambao unatosha kuendesha vifaa viwili vya kusikilizia. Baba alielewa kabla yangu. Akauliza kama ni kitu cha namna ya dinamo ya baiskeli. Injinia alifurahi mno. Akamwambia ndiyo, Mzee, dinamo, ila hapa baiskeli ni wewe.

Akamfunga. Ukitaka picha yake, fikiria mtu aliyevaa kofia ya pikipiki, halafu kofia ikaondoka, mkanda ukabaki.

Sasa tatizo ulione mwenyewe. Kifaa kinakula umeme muda wote, na umeme unatoka kwenye taya. Taya likitulia, akiba inakwisha upesi. Kinalia ti-ti-ti sikioni, kisha kinazima. Mtu anatakiwa awe anaongea au anatafuna. Na katika wazee wote wa mji huu wenye midomo inayofanya kazi, kifaa hicho amepewa nani? Baba. Yule uliyemwita Jiwe mbele ya wakwe zako. Yule ambaye kwenye harusi ya dada alipewa kipaza sauti ili amwage wosia wa baba wa bibi harusi, akasimama, akasema, “Asanteni,” akakaa.

Wiki ya kwanza kifaa kilikuwa kimezima kutwa nzima. Alikivaa kama mapambo. Tulipokirudisha kupimwa, Injinia alitazama namba zake akadhani kimeharibika, mpaka nilipomweleza tabia za mgonjwa wake. Akashauri atafune, maana kutafuna kunatoa umeme mwingi kuliko kuongea. Nikamnunulia chingamu. Chingamu ikaganda kwenye meno yake ya bandia, na mimi nikashinda jioni nzima nikikwangua meno ya mtu kwa kisu cha siagi. Tukahamia karanga. Karanga zimefaa. Ila sasa nyumba yako, Mama, ina maganda ya karanga kwenye makochi, kwenye kapeti, kwenye droo ya vibanio vyangu, na juzi mteja alikwenda nyumbani na ganda moja ndani ya msuko.

Halafu, bila kutuonya, akaanza kuongea.

Mwanzoni alikuwa anasoma kwa sauti. Chochote. Alisoma maelezo ya sabuni. Alisoma boksi la dawa ya nywele kuanzia jina mpaka tarehe ya kuharibika, na akifika kwenye onyo la kutogusa macho anainua sauti, mteja ananiangalia, ananiuliza kama ni salama. Maboksi yalipokwisha akahamia kwenye kumbukumbu zake. Kila asubuhi anabeba kiti chake anakileta saluni, karibu na mashine ya kukaushia nywele, anakaa kama mteja, anaanza. Mashine za kufuma za kiwanda alichofanyia kazi ujana wake. Namna zilivyopangwa. Ipi ilikuwa korofi. Msimamizi wa zamu aliyekuwa na kidole kimoja pungufu. Wateja walicheka siku mbili tatu za mwanzo. Sasa hivi wananipigia kuuliza Mzee ana miadi ya chuoni siku gani, ili waje siku hiyo. Mmoja, yule mwalimu mwenye nywele nzito, mteja wangu wa miaka, amehamia saluni ya ng'ambo ya barabara. Aliniambia kwa upole kwamba ananipenda lakini anajua mno habari za kitambaa cha shuka.

Nilimwomba Baba akae ndani. Akakaa ndani, akaongea na redio. Umeme ulipokatika mtaani na redio ikazima, alitoka barazani na kuwatangazia majirani kwamba mtaa mzima uko gizani isipokuwa yeye. Nilimwambia kuna waya wa chaji, Injinia aliutoa kwa dharura, achomeke ukutani apumzike, nasi tupumzike. Akaniangalia kama nimemtukana. Akasema umeme wa ukutani ni wa watu, huu ni wake.

Na anasikia, Mama. Hilo ndilo lililonichosha kuliko yote. Nilikuwa nimezoea nyumba yenye Jiwe, nikilalamika nalalamika kwa nafasi. Sasa nikishusha pumzi jikoni, ananiuliza kutoka sebuleni nina nini. Nikiongea na simu chumbani, anajibu maswali ya mwenzangu. Siku moja mvua ilinyesha, akatoka akasimama chini ya bati la jiko la nje, anatafuna huku kainua uso, akanishika mkono nilipokwenda kumwita. Akaniuliza kama mvua ina kelele zote hizi. Nikamwambia ndiyo, Baba, ni bati, ingia ndani utapata mafua. Siku nyingine alilalamika kwamba friji inanguruma, na kwa nini hatujamwambia. Friji ile tuliinunua nikiwa bado navaa sare za shule. Ungedhani ningesimama nikajiuliza. Sikujiuliza. Nilikuwa nimejaa hasira mpaka kwenye ncha za vidole, na hasira hiyo haikuanza na karanga. Ilianza siku ile ya msiba wa Mjomba, na wewe unajua.

Sasa sikiliza, Mama. Soma polepole.

Jumatano iliyopita, jioni, nilikuwa nafua taulo kwenye karo la jikoni. Baba alikuwa mezani nyuma yangu, anatafuna na kunieleza, kwa mara ya sijui ngapi, namna ya kuunganisha uzi uliokatika bila kusimamisha mashine. Ile ndiyo siku mwalimu alipoaga. Sikugeuka. Wala sikusema na yeye, nilisema na karo, na maji yakiwa yanatoka.

“Maneno yote haya,” nikasema. “Mama alipokuambia kaka yake amefariki, hukuwa na hata moja.”

Nyuma yangu kutafuna kukakoma.

“Aliniambia?” Baba akauliza.

Niligeuka. Alikuwa ameshika karanga hewani, hajaila wala hajaiweka.

“Aliniambia lini?”

Nikamwambia asinifanye mtoto. Nikamwambia ni usiku ule ule simu ilipokuja, kitandani, Mama amekaa pembeni yake anatetemeka, akamwambia kaka yangu amekufa, na yeye akageukia ukutani akalala. Nikamwambia ulinieleza mwenyewe alfajiri ile tulipokuwa tunaingia kwenye gari la shemeji. Kisha nikafungua mdomo nikayamwaga yote ambayo sikuyasema tangu msiba. Namna watu walivyokuuliza shemeji yao yuko wapi, nawe ukajibu ana homa. Namna ulivyosimama peke yako kaburini kati ya wake za kaka zako waliokuja na waume zao. Niliongea, na yeye alikuwa anatazama meza, hanitazami, na mimi nikazidi kukasirika kwa kuwa hanitazami. Ndipo akainua mkono akajigusa sikio.

“Kimezima,” akasema. “Subiri.”

Akatia karanga mdomoni. Akatafuna. Akatia nyingine, na nyingine, anatafuna kwa haraka huku machozi yanamtoka, uso wote unafanya kazi, na mimi nimesimama na taulo linachuruzika miguuni, mpaka nikaona machoni mwake kwamba kimewaka.

“Rudia,” akaniambia. “Rudia yote, uliyosema mwanzo mpaka mwisho.”

Nikarudia. Safari hii nilishindwa kupaza sauti.

Nilipomaliza, alifuta uso kwa mkono wa shati. Akasema, “Taa zilikuwa zimezimwa. Mimi gizani huwa sisikii kitu, mwanangu. Tangu zamani.”

Haya ndiyo aliyoniambia, Mama, na nayaandika kama alivyoyasema, bila kupunguza wala kupamba.

Masikio yake hayakuharibika mwaka huu. Alimdanganya daktari. Yalianza kwenda alipokuwa bado kijana kiwandani, dada akiwa anatambaa, kwa kelele za mashine zile anazotuhadithia. Wafanyakazi wote mle ndani walikuwa wanaongea kwa midomo na mikono, kwa sababu hakuna sauti iliyopenya, kwa hiyo hakuna aliyemgundua. Akatoka mle ndani akiwa hodari wa kusoma midomo kuliko kusoma gazeti. Wakati ule waliobainika kuwa masikio yao yamekwisha walikuwa wanatolewa kwenye mashine na kurudishwa makwao. Akaficha. Kiwanda kilipofungwa, akadhani sasa atasema, lakini akashindwa aanzie wapi. Utamwambiaje mke wako kwamba miaka yote hii ulikuwa unamjibu kwa kubahatisha?

Kwa hiyo alinyamaza. Mtu asiyejua kilichosemwa, akinyamaza, hakosei. Mpira wa televisheni alikuwa anautazama umezimwa sauti, akidai watangazaji wanamkera. Simu hakupokea, akidai simu ni za wenye shida. Kwenye shughuli za watu alikuwa anakaa anatabasamu. Sisi tukasema ni mkimya, wengine wakasema ana majivuno, wewe ukasema ni jiwe. Na wewe, Mama, uniwie radhi, una tabia ya kuongea ukiwa umempa mtu mgongo, unakoroga sufuria, unatoka mlangoni, unazima taa kwanza ndipo unafungua moyo. Ameniambia alikuwa akikuelewa vizuri tu mkiwa mezani. Alikuwa anapenda mkiwa mezani.

Sauti yangu mimi hakuwahi kuisikia sawasawa mpaka alipofungwa utepe ule. Alisema miaka yote alidhani nina sauti nzito kama ya shangazi.

Asubuhi ile ya msiba aliamka akakuta kitanda hakina mtu na nyumba haina mtu. Hakujua kitu. Alikwenda dukani kununua mkate, mwenye duka akampa pole, naye akaisoma ile pole midomoni, kisha akalisoma jina la Mjomba. Hivyo ndivyo alivyojua. Akaelewa kwamba mke na mtoto wake wamekwenda kuzika bila kumwambia, kwamba hatumtaki huko. Akarudi akavaa suti yake nyeusi, akakaa kwenye kiti karibu na mlango, akisubiri mtu atumwe kuja kumchukua. Alikaa mpaka jioni. Mimi niliporudi baada ya maziko peke yangu, wewe ukabaki kwa dada, niliikuta suti imewekwa juu ya kiti. Niliitundika kabatini nikiwa nasonya. Hakuniuliza kwa nini tulimwacha, nami sikumuuliza kwa nini hakuja. Tumeishi hivyo nyumba moja, kila mmoja anamsamehe mwenzake kosa ambalo mwenzake hakulifanya, na kila mmoja hasamehe kwa kweli.

Nimekasirika, Mama. Nimekasirika sana, na sijui nielekeze wapi. Nikimtazama yeye nataka kumtikisa kwa kiburi chake cha miaka yote hiyo. Nikikufikiria wewe nataka kukuuliza kwa nini hukumgusa bega, kwa nini hukuwasha taa, kwa nini alfajiri hukumwamsha hata kwa teke. Halafu nakumbuka ulikuwa umefiwa na kaka uliyelelewa naye sahani moja, na anayefiwa hafikirii taa. Nikijitazama mimi ndiyo kabisa. Mimi kazi yangu ni vichwa vya watu. Nashika masikio ya watu kutwa nzima.

Nilitaka kukupigia hapo hapo. Akanizuia. Akasema hili si la simu, na kwamba simu yenyewe bado anaiogopa. Akasema atakuja. Nikamwambia hutamfungulia mlango. Akasema basi atakaa nje ya mlango, kukaa karibu na mlango anakuweza.

Tukaenda chuoni kumuaga Injinia, maana kifaa ni chao na hakiruhusiwi kutoka nje ya mji bila wao kujua. Nilidhani atakataa. Alimsikiliza Baba mpaka mwisho, naye Baba alimweleza yote bila kutafuta maneno, kana kwamba anaeleza habari ya uzi. Injinia akaondoka kidogo kwenda dirishani. Aliporudi alibadilisha utepe uliochakaa akaweka mpya, akampa na wa akiba, na akamwomba kitu kimoja tu, awaruhusu waandike kwenye vipimo vyao namna kifaa kitakavyofanya kazi safarini. Baba akamwambia wapime wanavyotaka, ila yatakayosemwa huko ni yake.

Maneno ya pole amekuwa akiyafanyia mazoezi kwenye saluni yangu, mbele ya kioo kikubwa, kwa sababu anasema anataka kuuona mdomo wake unavyoyatamka. Anaanza na jina la Mjomba. Anaeleza alivyomjua, alivyompenda, jinsi Mjomba alivyomsimamia siku ya posa wengine walipomkataa. Sikujua habari hiyo. Jana alikuwa anasema, nami nina wateja wawili, mmoja chini ya mashine na mmoja nikimpaka rangi, na wote wawili wakalia, yule wa rangi akajifuta macho kwa vidole vyenye rangi, na sasa ana weusi usiotoka mpaka kwenye mashavu. Sikumtoza. Sina nguvu tena.

Sasa yaliyobaki. Barua hii haikuja kwa posta. Aliyeileta ni yeye. Nimemwambia asije mlangoni kwako moja kwa moja, aende kwanza kwenye karakana ya shemeji, ampe barua akuletee, yeye abaki pale asubiri. Kwa hiyo unavyosoma mstari huu, yuko kwa shemeji, kwenye lile benchi la wateja, kavaa suti nyeusi, ana mfuko wa karanga, na bila shaka anamweleza mtu asiyemjua habari za mashine za kufuma. Ukitaka kumrudisha alikotoka, mrudishe. Tiketi ya kurudi anayo mfukoni. Sitakulaumu. Nitanyamaza kwa simu kama unavyonyamaza wewe.

Lakini ukimwita, naomba mambo machache. Asipokuwa na cha kutafuna, mpe chochote, hata ukoko wa mkate. Akianza kuongea usimkatize, hata akirefusha, hata akirudia, maana hajui kukadiria, ni mgeni katika kuongea. Mwache amalize habari ya Mjomba.

Nisalimie dada, mwambie ile nguo ya mtoto nimeshaipeleka kwa fundi. Nisalimie shemeji, na mwombe radhi kwa maganda atakayoyakuta kwenye karakana. Mbusu mtoto mashavu yote mawili. Mguu uuinue ukikaa. Na simu yangu, Mama, nakuomba.

Naye Baba, akishamaliza ya kwake, mwambie tena. Mwambie kaka yako amekufa, kwa maneno yale yale uliyoyasema usiku ule. Hajawahi kuyasikia kutoka kwako.

Ni mimi mwanao,
Kitinda mimba